Mimi Nachapa, Moraa Anasikia

Jumatatu, 9 Februari 1998

Nimechapa mitihani ya Kidato cha Pili kabla ya chai. Historia, kisha Kilimo. Utepe wa taipureta umefifia na herufi e imeziba wino. Nimeizibua kwa pini.

Mvua tena. Naijua kwa watu wanaoingia wakipangusa viatu.

Mama Hansa, mwenye ofisi hii, alikuja chumba cha nyuma ninakofanyia kazi. Hakuwa na karatasi mkononi. Alisimama karibu na dirisha, mwanga usoni, ili nisome midomo yake. Huwa hivyo siku zote. Tangu homa ya uti wa mgongo iniondolee masikio nikiwa na miaka tisa, wachache sana hukumbuka kusimama kwenye mwanga.

Alisema polepole, kwa Kiswahili chake cha dukani: "Kerubo, mwisho ya mwezi taipureta yote nauza. Watu nataka kompyuta. Mbele iko simu, iko kastama. Kazi yako safi sana. Lakini kastama nasema na wewe vipi?"

Hakusema kwa ubaya. Imeniuma vilevile.

Moraa alikuwa mlangoni na amesikia yote. Moraa ndiye msichana wa mbele, wa simu na wateja. Aliajiriwa Novemba. Simpendi. Akicheka na wateja hutazama upande wangu.

Jumanne, 10 Februari

Sikulala vizuri. Nimewaza juu ya ile laptopu kabatini.

Ni ya Dilip, mpwa wa Mama Hansa anayesoma Nairobi. Ni nzee, nzito kama tofali, na Windows iliishinda. Alipokuja likizo ya Krismasi aliweka kitu kinachoitwa Linux. Akavuta waya kutoka meza yangu hadi kompyuta ya mbele, kisha akanionyesha jambo moja. Ukiandika neno fulani, skrini inagawanyika nusu kwa nusu. Wewe unaandika juu, mtu wa kompyuta ya pili anaandika chini. Kila herufi unaiona inapoandikwa. Tuliongea hivyo, mimi na Dilip, alasiri moja. Alinieleza habari za chuo. Nilimwambia taratibu, vidole vyako vizito. Alicheka, nikamwona akicheka kupitia mlango.

Siku ya kuondoka akataka kuipamba. Akaweka madirisha, rangi na picha ya kubonyeza. Alikimbilia gari bila kuijaribu. Tangu hapo ukiiwasha yanapita maandishi meupe kwa kasi, skrini inashtuka, inachorwa mistari ya mshazari, halafu giza. Taa ndogo ya kibodi inabaki kuwaka. Iko hai lakini haionekani.

Kama ingeonekana, Moraa angeniandikia anachosema mteja, nami ningemjibu mteja kutoka hapa nyuma.

Nimemwandikia Mama Hansa haya yote. Alisoma mara mbili. Akatoa ufunguo wa kabati akaniwekea mezani. "Jaribu."

Ijumaa, 13 Februari

Wiki imeisha na bado giza. Nimezungusha kigurudumu cha mwanga mpaka mwisho. Nimeizima, nimeiwasha. Kuunganisha kioo kingine haiwezekani, tundu la nyuma limevunjika. Leo nilikasirika nikaweka viganja vyote viwili juu ya kibodi nikakandamiza.

Moraa akanigusa bega. Sijui alisimama pale muda gani. Alichukua kalamu yangu bila kuomba, akaandika: Inalia.

Nikamtazama.

Akaandika tena: Ukiiwasha inalia tii. Ukishika vitufe vingi inalia sana. Hukujua?

Ningejuaje? Nilimnyang'anya kalamu. Nimeona aibu baadaye lakini si sana. Kitu pekee humu ndani nilichodhani ni kimya kama mimi, kumbe kina sauti, na sauti yenyewe inamwendea Moraa.

Jumamosi, 14 Februari. Sabato

Nyumbani Magwagwa. Kanisani midomo ya kwaya ilifunguka na kufungwa. Nimeimba moyoni nyimbo ninazozikumbuka, labda si zile walizokuwa wakiimba.

Kaka yangu Ombui amekwisha kusikia kuhusu taipureta. Habari za mjini hufika huku kabla yangu. Baada ya chakula aliniketisha akaniandikia kwa kidole kwenye vumbi la kizingiti, vile tulivyofanya tukiwa watoto: RUDI. Akaonyesha chai yetu ile ya bondeni. Ananionea huruma na hilo ndilo baya zaidi. Kuchuma chai si aibu, Mama amechuma maisha yake yote. Lakini chai haihitaji niseme lolote, na mimi nina mengi ya kusema.

Jioni Mama alinimegea bonge la obokima, ugali wetu, kubwa kuliko la wengine.

Jumatatu, 16 Februari

Moraa amempigia Dilip simu. Sikumwomba. Nilifika nikamkuta ana simu begani na kalamu mkononi, anaandika, anauliza, anaandika. Mama Hansa alikuwa anatazama saa kwa sababu ya bei ya simu ya Nairobi, lakini hakumkatiza.

Kisha akaniletea karatasi. Nainakili hapa kwa ufupi.

Madirisha aliyoweka Dilip ni makubwa mno kwa kioo hiki. Kioo kinashindwa kinazima. Dawa ni kuiambia mashine isianze na madirisha, ianze na maandishi matupu. Kuna faili inayosema ianze vipi. Ndani yake kuna namba 5. Iwe 3. Basi.

Shida ni kwamba kioo kitabaki cheusi mpaka kazi iishe. Unabonyeza vitufe vitatu pamoja ili utoke kwenye madirisha. Unaandika jina, unaandika neno la siri, unaandika amri. Yote gizani. Ukikosea huambiwi.

Moraa alikuwa ameandika pia maneno ya Dilip yenyewe: Mpe Kerubo. Yule hachapi kwa macho.

Nimeyasoma maneno hayo zaidi ya mara moja.

Jambo la mwisho. Ukishaingia, ukibonyeza kitufe cha kufuta mahali pasipo na cha kufuta, mashine inalia. Ikilia umeingia. Isipolia bado uko nje. Hapo nahitaji masikio. Moraa akajigusa sikio, akanitazama kama anayeomba ruhusa.

Nikakubali kwa kichwa. Sijui kama nilitabasamu. Sidhani.

Jumatano, 18 Februari

Wateja walipopungua alasiri tulifunga mlango wa chumba cha nyuma. Mimi kwenye kiti, Moraa nyuma yangu, mkono wake begani. Tulikubaliana: ikilia, anagonga mara moja.

Vitufe vitatu. Jina. Neno la siri. Kitufe cha kufuta.

Hakugonga.

Tena. Hakugonga. Nikaona labda nimechapa jina juu ya makosa ya mwanzo. Nikabonyeza kitufe cha kuingiza mara kadhaa nianze upya, safi. Jina. Neno la siri. Kufuta.

Akagonga.

Nilishtuka kama mtu aliyeguswa na stima. Nikabonyeza tena makusudi. Akagonga. Tena, akagonga. Nilikuwa ndani ya mashine nisiyoiona, na bega langu likawa linasikia. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba nilimpenda Moraa, nakiri.

Nikachapa amri kama ilivyo kwenye karatasi. Herufi, nukta, mikwaju ya mshazari. Sikukosea, vidole vyangu navijua. Nikaiambia ijizime na kuwaka.

Maandishi meupe yakapita. Tukashikana. Kioo kikashtuka, mistari, giza.

Tulirudia kila kitu kutoka mwanzo. Giza tena. Kisha stima ikapotea mji mzima na laptopu ikafa palepale, maana betri yake haishiki chaji. Moraa aliandika pole. Nilitaka kulia, sikutaka aone.

Alhamisi, 19 Februari

Hakuna stima. Nimechapa barua za ardhi kwa taipureta. Ilinipa raha, hiyo haijali stima.

Saa ya chakula niliitoa karatasi ya Moraa nikaitazama. Sina lingine la kutazama. Jina la faili aliliandika hivi: init tabu. Pembeni: neno moja. Nami nilikuwa nimechapa hivyo hivyo, inittabu, nikidhani tabu ni tabu tu, hata kwenye kompyuta zipo.

Halafu nikainua macho nikamwona Moraa mbele akimhudumia mtu. Midomo yake nimeisoma miezi hii yote hata nilipokuwa simpendi. Kila neno la Kizungu analifunga na irabu. Fomu. Stampu. Midomo inachongoka mbele, u. Sote huku tunasema hivyo, na mimi nilisema hivyo nilipokuwa nasema. Moraa alisikia kitu kilichokatika ghafla, akakimalizia.

Nikaichukua kalamu nikaifuta u.

Nilimpelekea karatasi palepale kaunta. Aliitazama, akafumba macho, nadhani anamsikia Dilip upya kichwani. Akayafumbua. Akajipiga paji la uso kwa kiganja mpaka mteja akashangaa.

Ijumaa, 20 Februari

Stima imerudi saa tisa na nusu. Leo lazima niondoke mapema, Sabato inaingia jua likizama. Mama Hansa alikuwa anahesabu kaunta. Moraa alinitazama, nikamtazama, tukaenda nyuma.

Bega. Vitufe vitatu. Jina. Neno la siri. Kufuta. Akagonga.

Amri, bila u. Nilichapa polepole, mimi ambaye sichapi polepole.

Ijizime. Iwake.

Maandishi yakapita, yakapita. Nikangoja kioo kishtuke. Hakikushtuka. Maandishi yakasimama. Chini kabisa, herufi nyeupe juu ya weusi, mashine ikauliza jina langu. Hakuna picha wala rangi. Sijaona kitu kizuri hivyo siku nyingi.

Moraa alipiga kelele. Najua kwa sababu Mama Hansa aliingia mbio ameshika fimbo ya kufungia dirisha, akidhani ni mwizi. Moraa alimkumbatia na fimbo yake. Kisha akanigeukia na nikausoma mdomo wake waziwazi, Kikisii cha nyumbani kabisa: "Mbuya mono!" Vizuri sana!

Sikuwa na muda wa kujaribu zaidi. Nimeizima kwa taratibu, nimeifunika kitambaa. Nilitembea kilima chote bila kuhisi miguu.

Jumatatu, 23 Februari

Nilifika kabla ya ofisi kufunguliwa.

Tumeunganisha waya. Moraa alikaa mbele na karatasi ya Dilip, akaingia kwa upande wake. Maandishi hayajazi kioo, yamekaa katikati kama stempu kwenye bahasha na pembeni pote peusi. Tukaona si neno. Mvua ilikuwa imewazuia wateja. Nikaandika lile neno alilonionyesha Dilip, skrini ikagawanyika, na chini kukaanza kutokea herufi.

Nanakili kadiri ninavyokumbuka. Yeye haandiki herufi kubwa.

"kerubo unaona"

"Naona."

"nimekuwa nakuogopa tangu niajiriwe"

"Mimi? Kwa nini?"

"hucheki. nilifikiri unanidharau sababu wewe unachapa vizuri na mimi nachapa na vidole viwili"

"Mimi nilifikiri unanicheka ukiwa na wateja."

Kisha herufi zikaja, zikafutwa, zikaja nyingine, zikafutwa. Kwenye karatasi mtu hukupa neno alilokwisha kulichagua. Hapa nilimwona akilitafuta.

"nilikuwa naangalia kama umeona kitu cha kuchekesha ndio tucheke wote"

Nimebeba kicheko hicho miezi yote kama jiwe kwenye kiatu. Niliandika: "Samahani." Akaandika: "wacha."

Halafu: "ulikuwa unasikia zamani?"

"Mpaka nilipougua. Darasa la tatu."

"unakumbuka nini"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Daktari aliuliza nasikia nini, wala si nakumbuka nini. Nilichapa haraka kabla sijaona haya. Mama akiita ng'ombe jioni. Mlango wa jikoni ukikwaruza chini. Kengele ya shule, ile ya kipande cha reli. Mvua juu ya mabati.

Kisha:

"inanyesha sasa. ngoja nikuambie"

"sasa ni ndogo iko kwa mabati ya jirani. tik tik"

"inakuja"

"imefika kwetu. ni kama mtu anamwaga mahindi kwa debe"

"kubwa sana sasa mama hansa anaongea simu anapiga kelele hasikii kitu yeye pia"

"inapungua"

"imebaki ile ya kutona kwa mfereji. moja. moja. moja"

Nililia, nimelia sana, na sikujificha. Moraa aliiona mvua yangu pia, mlango ulikuwa wazi.

Jumanne, 24 Februari

Leo ndiyo siku yenyewe. Mama Hansa alisema mteja wa kwanza wa kadi za harusi atakuwa wetu, yeye atasimama tu aone.

Akaja shangazi wa bibi harusi, kutoka Nyakoe. Mwanamke mnene, kitambaa cha kijani kichwani, haraka nyingi. Alikuwa amebeba maneno ya kadi kichwani tu. Moraa akawa ananichapia kila anachosema, vidole viwili vikikimbia.

"anasema mzee ombati na mama nyaboke wanayo furaha"

"anasema hapana weka upande wa kijana kwanza"

"anasema ngoja"

"anasema watu wa kijana ndio walichelewa kuleta ng'ombe kwa hivyo upande wa msichana kwanza"

Nikauliza: "Mwulize kama anataka majina ya wazazi wote wanne mstari mmoja, wa msichana kushoto. Hakuna atakayekuwa juu ya mwingine."

Nilichungulia. Moraa alisoma skrini, akamwambia. Shangazi akacheka mwili mzima, akauliza kitu.

"anauliza nani amesema hivyo"

Kabla sijajibu alikuwa ameshaingia chumba changu. Aliitazama laptopu, akanitazama mimi. Akajaribu kunisemea karibu sana na uso, wengi hufanya hivyo, sikuona kitu ila meno. Akaacha. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, vile unavyomshika mkwe.

Tulibishana naye asubuhi nzima. Rangi, tarehe, aya ya Biblia, jina la kanisa. Mabishano ya kweli. Kwenye aya nilikataa kabisa, ilikuwa ya mazishi. Alikubali. Sijawahi kubishana na mteja. Nimechoka vizuri.

Ijumaa, 27 Februari

Taipureta zimeondoka. Fundi wa shule moja alikuja na mkokoteni. Yangu ilikuwa ya mwisho kubebwa. Niliifunika mwenyewe na nikafunga kamba. Nilidhani nitafurahi, lakini vidole vyangu viliitafuta mezani siku nzima.

Mama Hansa alinipa mshahara kisha akasimama karibu na dirisha. "Jumatatu kuja saa mbili, kama siku yote. Kadi mingi nakuja. Shangazi ya Nyakoe nasema kwa watu." Akawasha ubani wake, akaenda kuhesabu.

Dilip amepiga simu. Anasema likizo ijayo ataleta vipimo sahihi vya kioo na tutakuwa na madirisha na rangi. Moraa anayataka sana. Mimi nimesema ajaribu, lakini asiondoke siku ileile.

Nimemwandikia Ombui. Barua fupi. Sirudi, asante, nisalimie Mama. Nitakuja Sabato ijayo. Hii nitapumzika mjini.

Jumapili, 1 Machi

Nimelala mpaka jua limeingia chumbani. Nimefua. Nimeanika ndani, maana anga haiaminiki.

Mchana Moraa alikuja kutoka misa. Ni mara ya kwanza kuja kwangu. Alikuwa na chupa ya maziwa, kwao ni Nyansiongo na wana ng'ombe. Alisimama mlangoni akatafuta kalamu kwenye mkoba, hakuipata. Akabaki ameinua chupa.

Nikamwonyesha maziwa kwa lugha yangu ya mikono. Akaiga. Alionekana kama anayekamua nguo. Nikamrekebisha vidole. Akaiga tena, afadhali. Nikamwonyesha chai. Nikamwonyesha keti.

Akaketi. Nimechemsha chai, tumeinywa na ndizi za kuchoma. Aliuliza kwa kidole kila kitu chumbani, kitanda, sufuria, dirisha, kanga, nami nikampa mikono ya kukisema. Mingi ataisahau kesho.

Alasiri yote hatukuandika chochote.